Mkimbiaji Aliyeumia Hurudi kwa Kipimo

Tukimkumbuka John Stephen Akhwari, tunakumbuka goti lililofungwa bandeji. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania huyo alianguka, akaumia, akainuka na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Heshima aliyopewa ni haki yake. Lakini mashindano ni ya siku moja, mazoezi ni ya miaka, na katika mazoezi kukaidi maumivu kumewastaafisha wengi kabla ya wakati wao. Kwa mtu aliyewahi kuumia na sasa anaiwania marathoni, naamini ushujaa ni kuongeza umbali kidogo kidogo, hata pale pumzi inapomwambia anaweza zaidi.

Imani hii haikuwapo siku zote. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alitoa kanuni iliyoenea duniani kote: pumzika, weka barafu, funga bandeji ya kubana, inua kiungo kilichoumia. Kwa miaka mingi jeraha likawa jambo la kungojea. Mtu alikaa mpaka maumivu yaishe, kisha akarudi barabarani kwa umbali uleule aliouacha, akaumia tena. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden waliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi la kushusha kisigino taratibu huku wakiongeza uzito, kila siku kwa wiki 12. Wote wakarudi kukimbia kama zamani. Mirkin naye baadaye aliibadili kauli yake, akasema barafu na pumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Ikadhihirika kwamba kano iliyoumia inahitaji kazi, ila kazi yenye kipimo.

Sababu imo mwilini. Moyo na misuli huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Tena mfupa unaopewa mzigo mpya huanza kwa kumeng'enywa sehemu zake zilizochoka ndipo ujengwe upya, na katika kipindi hicho huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo hatari humkaribia mkimbiaji wakati uleule anapojisikia mwepesi.

Wapo watakaopinga kwa ushahidi. Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wakimbiaji wapya zaidi ya 480: waliopandishwa taratibu kwa wiki 13 waliumia sawa na waliofuata mpango wa wiki 8, takriban mmoja kati ya watano katika kila kundi. Hoja hiyo ni nzito, lakini inachokipinga ni imani kwamba jumla ya kilomita za wiki pekee inatosha kumlinda mtu. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2025, wa wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulionyesha kuwa hatari hupanda pale mbio za siku moja zinapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 zile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia. Wengine watataja mabingwa na kilomita zao nyingi. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza, ya Hamburg, aliikimbia mwaka 2013. Kilomita zile zilijengwa juu ya muongo mzima wa kazi.

Basi wewe uliyewahi kuumia, usipange mbio ndefu za Jumapili kwa kutazama tarehe ya mashindano. Zipange kwa kutazama mbio ndefu zaidi ulizokimbia mwezi uliopita, uongeze kidogo tu. Tarehe ikifika kabla mwili haujawa tayari, kimbia nusu marathoni mwaka huu, na marathoni kamili uikimbie mwaka ujao.