Kabla ya kupakia magodoro, tusome ubavu wa tairi

GOMA, Kivu Kaskazini. Familia inayorudi kijijini, au inayokimbia kutoka huko, inapokodi teksi huuliza mambo mawili: bei na saa ya kuondoka. Magodoro yanafungwa juu, sufuria na bidoni zinaingia nyuma, watoto wanapakatwa. Ni wachache wanaoinama kutazama tairi, ama pine kama wengi wanavyosema hapa. Na anayetazama huangalia meno tu. Yakiwa bado marefu, anasema tairi ni zima. Lakini jambo kubwa limeandikwa ubavuni, kwa namba ambazo hata madereva wengi huzipita kila asubuhi bila kuzisoma.

Mfano ni tairi lililoandikwa 195/65R15 91H, saizi inayojulikana sana kwa magari madogo yanayotoka Japani. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu, kuanzia kwenye janti hadi panapokanyaga barabara, ni asilimia 65 ya ule upana, yaani karibu milimita 127. R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 15 ni kipimo cha janti kwa inchi. 91 inaeleza uzito: tairi moja linaweza kubeba kilo 615, likiwa na upepo wa kutosha. H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa, ambao katika barabara zetu haumsaidii mtu.

Shida huanza pale dereva anapotafuta tairi la okazioni. Muuzaji anamletea 195/50R15. Upana ni uleule, janti ni ileile, meno bado mapya, na bei imeshuka. Linaingia bila matata. Kilichobadilika ni ile namba ya katikati. Ubavu sasa ni milimita 97 na nusu, na gari limeshuka karibu santimita 3 kuelekea mawe. Tena tairi la saizi hiyo mara nyingi lina namba 82 ya uzito, maana yake kilo 475 tu.

Hesabu yake si ngumu. Gari dogo aina ya Corolla likiwa tupu lina kilo 1,100 hivi au zaidi. Wakiingia watu saba, pamoja na magunia na magodoro, linaweza kupita kilo 1,700. Uzito huo haugawanyiki sawasawa, kwa sababu mizigo na abiria wengi wako nyuma. Tuseme kilo 1,030 zinakalia magurudumu mawili ya nyuma. Matairi mawili ya 91 yanabeba kilo 1,230, kwa hiyo nafasi bado ipo. Mawili ya 82 yanabeba 950. Gari limezidiwa kabla halijatoka kituoni, ijapokuwa kwa macho linaonekana sawa.

Halafu kuna mawe yenyewe. Mji wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na njia nyingi za mitaani ni mawe makali mpaka leo. Gurudumu linapogonga jiwe, ubavu mrefu hujikunja, upepo wa ndani unapokea kishindo, kisha tairi linarudi lilivyokuwa. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja. Mpira unabanwa kati ya jiwe na janti, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache ubavuni panatokea nundu. Nundu hiyo haizibwi kwa kiraka. Hapo upepo umezuiliwa na mpira mtupu, na unaweza kupasuka wakati wowote.

Ndiyo maana majanti makubwa yenye tairi jembamba la ubavu, ambayo vijana wanayapenda kwa uzuri, yanafaa lami laini. Pale gari hukaa imara kwenye kona. Kwenye mawe hayo, uzuri huo hulipwa kwa janti kupinda.

Dereva anayetaka kujua saizi halali ya gari lake afungue mlango wa upande wake. Magari mengi yana karatasi iliyobandikwa hapo. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba za tairi na za upepo zinasomeka. Ubavuni mwa tairi pia kuna tarakimu nne zinazofuata herufi DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka, mpira umekauka na kupasukapasuka.

Si kwamba madereva hawajali. Wengi wanadaiwa pesa za kila siku na mwenye gari, na tairi la bei ndogo ndilo linaloacha kitu cha kupeleka nyumbani. Lakini tairi likipasuka katikati ya safari, nauli imekwisha kulipwa, jua linazama, na mama anashuka na watoto kando ya barabara ambayo hakuna anayependa kulala.

Tairi lenye nundu bado lina kazi: mpira wake unaweza kuvalishwa gurudumu la tshukudu au kukatwa sandali. Lisirudishwe tu chini ya teksi. Na abiria anayeinama kusoma ubavu kabla ya kutoa nauli hamdharau dereva. Uzito unaohesabiwa pale ni wa watoto wake.