Dakika 11 za Mirihi

Hapa Mbau, Kivu Kaskazini, habari za Perseverance tulizipokea kwa kejeli. Chombo cha Wamarekani kilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, karibu saa tano za usiku kwa saa zetu, na kesho yake wenye mega za intaneti walikuwa wakionyesha picha pale wanaposimama wamotari. Mmoja akasema ni filamu. Mama aliyeshindwa kwenda kuvuna kakao yake kwa kuogopa waasi wa ADF akauliza kama huko Mirihi wanagawa mashamba. Mzee mmoja akamalizia: "Jiwe la huko wanaliona, wauaji wa msituni hapa hawawaoni!" Tulimwelewa. Ndege zisizo na rubani za Umoja wa Mataifa zilianza kuruka Kivu Kaskazini Desemba 2013. Tena mwezi ule ule wa Februari 2021 Ebola ilikuwa imetangazwa upya upande wa Butembo. Nilicheka nao, na kicheko kile sikijutii.

Kilichonigeuza ni hesabu, maana ndiyo ninayofundisha. Siku ile Mirihi ilikuwa mbali nasi kilomita zaidi ya milioni 200, hata ishara ya redio ikahitaji dakika 11 na ushei kufika. Lakini kushuka, toka kuigusa hewa ya Mirihi mpaka magurudumu kukanyaga kreta ya Jezero, kulichukua dakika 7 tu. Kwa hiyo wahandisi wa California walipopata ishara kwamba chombo kinaanza kushuka, kule mambo yalikuwa yamekwisha. Kizima au kimevunjika, hakuna amri ambayo ingekiwahi.

Kungoja kule nakujua. Risasi zikilia upande wa Eringeti unampigia shemeji, mtandao hakuna. Lililompata limeshampata, na wewe bado unaomba. Tangu hapo nilishindwa kuwaona wale watu kama wachezea pesa tu, ijapokuwa wao walikuwa wakingojea chuma.

Hesabu ile nikaifanya somo. Tarehe 19 Aprili helikopta yao ndogo, Ingenuity, iliruka Mirihi sekunde 39. Mwezi huo huo wanafunzi wa Beni walikuwa wamekaa mbele ya ofisi ya meya wakidai usalama. Darasani mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, ujumbe wa Mirihi unafika kwa dakika 11. Wa kijijini kwenda kambi ya askari unachukua ngapi?" Nikaliandika swali ubaoni, tukaanza na kilomita.