Mzinga Mtupu

Ndugu walimu, sisi tuliozoea kusimama mbele ya ubao aghalabu husahau kwamba tungali wanafunzi. Mimi nilikumbushwa jambo hilo na nyuki.

Nakaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Shemeji yangu ana shamba katika miinuko ya Mumirwa, juu ya mji, na huko nilitundika mzinga wa matete yaliyosukwa na kukandikwa udongo. Mwezi wa Mei, mvua zilipokuwa zikikoma, nilikwenda kurina asali. Mzee mmoja jirani, aliyefuga nyuki tangu ujanani, alinisihi nibakize masega kadhaa. Sikumsikiliza. Nilidaiwa karo ya mwanangu, na kila sega machoni pangu lilikuwa faranga. Niliyakata yote yenye asali, yakabaki yale ya majana tu.

Nilirudi mwezi wa Agosti, kiangazi kikiwa kimepamba moto. Mlangoni mwa mzinga hapakuwa na mlinzi. Ndani nilikuta utando, viwavi wa nondo, na masega yaliyotobolewa. Nyuki hapakuwa, si mzima wala mfu.

Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Ulaya kwamba makundi mengi huko hufa majira ya baridi. Nikamwambia mzee kuwa yamkini upepo wa usiku ndio uliowaua. Akacheka, kisha akanitazama.

"Mwalimu, waliokufa huonekana. Hawa wamehama. Kwani uliwaachia nini?"

Sikuwa na jibu. Nyuki wa Ulaya baridi ikiwadia hana pa kwenda. Hujikunyata na wenziwe wakimzunguka malkia, wakila akiba yao mpaka maua yachanue tena. Nyuki wetu hakufungwa hivyo. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huadimika, maua nayo hupungua. Chakula kikimwishia, kundi zima hufuatana na malkia wao kutafuta makao mengine. Sikuibiwa, ndugu zangu, wala sikupatwa na msiba. Niliwafukuza mwenyewe, kwa kisu.

Karo ililipwa, na hilo silijutii. Mzinga nimeusafisha, nikaupaka nta na kuutundika tena kungojea mvua. Nimemwahidi mzee kwamba nyuki wakiingia, nitawaachia nusu ya asali yao.

Muhula mpya nao unakaribia, na karo yake haijapatikana.