Ngozi Katika Nchi ya Unyevu: Safari ya Lamu na Siyu

Mtu wa bara ashukapo pwani kwa mara ya kwanza hustaajabia mambo mengi: minazi, bahari, joto lisilopoa hata usiku, na Kiswahili cha wenyeji kinachotiririka kama maji. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu haambiwi mapema. Viatu vyake vizuri vya ngozi, alivyovipaka dawa na kuvisukuma chini ya kitanda, baada ya majuma machache tu huota manyoya ya kijivu. Mkanda aliouning'iniza ukutani huwa na madoa meupe, na mkoba wenye vyeti vyake vya shule hunuka uvundo. Ndipo anapoanza kuwalaumu fundi viatu na mwenye nyumba, kumbe mwenye kosa ni hewa yenyewe.

Sababu si ngumu kueleweka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwa miezi mingi hewa yake ni kavu wakati wa mchana. Mombasa na Lamu ziko kando ya maji, na unyevu wa hewa huko mara nyingi hupita asilimia 70. Mbegu za ukungu ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona, nazo huelea hewani kila mahali, bara na pwani. Zikitua juu ya ngozi kavu hulala tu. Zikitua juu ya ngozi iliyoko katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 au 70 na zaidi, tena mahali penye giza na pasipopita upepo, huamka na kula mafuta, jasho na uchafu ulioko juu ya ngozi. Mwanzoni ni madoa tu. Ukungu ukiachwa miezi mingi, madoa hayatoki tena, nyuzi hulegea, na ngozi huharibika.

Mwaka huu kazi ilinipeleka Lamu wakati wa masika, nikapata nafasi ya kuona jinsi watu wa visiwa wanavyoishi na adui huyu. Nilipanda basi Mombasa, tukapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu mpaka gati ya Mokowe, na kutoka hapo tukavuka kwa mashua. Mji wa kale wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 miongoni mwa urithi wa dunia, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba, na punda ndio wachukuzi. Kuta ni nene, na ndani hupoza mwili. Lakini kuta hizo hunyonya maji ya mvua na ya ardhi, kisha huyatoa polepole kama mtungi. Mwenyeji wangu alinionya siku ya kwanza: "Bwana, begi lako usiliegemeze ukutani. Liweke juu ya kiti, na mlango wa kabati uache wazi kidogo."

Siku ya mapumziko nilikwenda Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mashua hupitia mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, nayo sharti ingoje maji kujaa. Siyu leo ni mji mdogo wenye ngome ya karne ya 19, lakini zamani ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Hapo ndipo Misahafu iliponakiliwa kwa mkono na kutiwa majalada ya ngozi, na mafundi wa makubadhi na mikanda walisifiwa pwani nzima. Mikoko iliyouzunguka mji ina dawa ya kutengenezea ngozi katika magome yake, kama ilivyo miwati ya kwetu milimani. Na hapo zamani magome ya mikoko ya pwani hii yalipakiwa vyomboni na kuuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha barazani. Tulizungumza juu ya makubadhi, kisha akamwita mjukuu wake alete kitabu. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo sikukigusa. Kijana alitia udhu, akafungua sanduku lililokuwa limekaa chini kwenye pembe ya chumba, akautoa Msahafu wa zamani wenye jalada la ngozi nyekundu. Jalada lilikuwa zuri ajabu, limepigwa chapa za maua. Lakini upande wa chini ukungu ulikuwa umepanda kwa upana wa vidole vitatu, na mshono wa mgongo ulikuwa umeanza kuachana.

"Huu ni mkono wa marehemu babu yangu, na jalada ni kazi ya marehemu baba," mzee alisema. "Mjukuu wangu ataka kuutia katika mfuko wa plastiki. Wewe mtu wa ofisi, wasemaje?"

Nilimjibu kwa adabu kwamba mfuko wa plastiki huzuia maji ya mvua, lakini huufungia ndani unyevu uliokwisha kuingia, na ukungu hupenda sana mahali kama hapo. Kijana akauliza, "Basi tuupake mafuta ya nazi, kama makubadhi?" Mzee mwenyewe akamkataza. Alisema baba yake alikuwa akipaka mafuta kidogo sana, kisha akiyafuta mpaka kidole kisiteleze, kwa kuwa mafuta yanayobaki juu ni chakula cha ukungu. Nilifurahi, kwa maana fundi wa zamani na mtaalamu wa leo wasema neno moja.

Tuliafikiana hivi. Sanduku liinuliwe juu ya mawe mawili na lisogezwe mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja. Msahafu ufungwe katika kitambaa safi cha pamba, na siku zisizo na mvua sanduku lifunguliwe upepo upite. Jalada lisifutwe kwa dawa yoyote nyumbani, kwa kuwa wino na rangi za zamani huweza kuyeyuka, bali upelekwe kwa watu wa Makumbusho ya Lamu wautazame. Hapo mzee alinyamaza kitambo kirefu. Msahafu ule haukuwa umetoka nyumbani mle tangu kufa kwa baba yake. Mwishowe akasema, "Ukibaki hapa utakufa mikononi mwangu. Utakwenda, lakini nitauchukua mwenyewe." Nilipokuwa nikiagana naye kijana alikwisha kwenda kuuliza saa ya maji kujaa siku ya pili.

Vitu vyetu vya kila siku, yaani viatu, mikanda na mikoba, havihitaji uangalifu mkubwa kama huo, lakini vina kanuni zake. Ukiona ukungu, kitoe kitu nje ya nyumba, uzibe pua kwa kitambaa, ukisugue kwa brashi laini. Ukikisugulia chumbani mbegu zitatapakaa, na mwenye pumu ataumia. Kisha changanya spiriti na maji sawa kwa sawa, mbali na moto, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana usije ukatoa rangi, ukifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Kianike kivulini penye upepo. Usikiweke karibu na jiko wala kukiacha katika jua kali, maana ngozi itakakamaa na kupasuka. Kikiisha kukauka kabisa ndipo ukipake dawa kidogo.

Viatu vilivyolowa maji ya bahari sharti visuuzwe kwa maji baridi ya kisima, kwa kuwa chumvi ikibaki ndani huvuta unyevu kila siku. Vijaze magazeti makavu, uyabadilishe yakilowa. Usivae jozi moja kila siku, bali ipe nafasi ya kutoa jasho. Moshi wa udi huondoa harufu tu. Harufu nzuri si dawa ya ukungu.

Nanyi wakulima wa bara msidhani habari hii haiwahusu. Katika Limuru na Kericho, wakati wa ukungu wa asubuhi na baridi, kabati iliyofungwa huwa kama pwani ndogo. Tena ngozi mbichi ya ng'ombe au mbuzi huanza kuoza katika saa chache za joto isipotiwa chumvi au kukaushwa. Ngozi iliyotandazwa chini juani huungua juu na kubaki mbichi ndani. Iliyowambwa katika fremu kivulini, upepo ukipita pande zote mbili, hukauka sawasawa na kumletea mwenyewe bei iliyo bora. Baada ya hapo ghala lake liwe na upepo, na ngozi ziwekwe juu ya mbao, wala si juu ya sakafu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi, kitambaa na upepo havigharimu fedha nyingi, lakini jozi ya viatu vizuri humgharimu karani sehemu kubwa ya mshahara wake, na kazi ya mikono ya marehemu hainunuliki kwa bei yoyote. Kila mmoja wetu na atazame leo chini ya kitanda chake na nyuma ya kabati lake, kabla mvua hazijazidi.