Nduthi ya Mzee

Wasee, nilimcheka brathe wangu, sasa nimenyamaza.

Yeye anaishi Minnesota, Marekani. Kule theluji ikikaribia, watu wengi huweka pikipiki gereji hadi baridi iishe. Jumamosi moja alinipigia video akiandaa yake. Alijaza tangi hadi juu, kwa sababu nafasi tupu huingiza unyevu na unyevu huleta kutu. Akatia dawa ya kuzuia petroli isiharibike, akawasha injini dakika chache ndio ifike hadi kwa kabureta. Akamwaga oili chafu, akaweka mpya. Betri akaitoa, akaipeleka ndani kwenye chaja. Mwisho akaziba eksosi, panya wasihamie humo.

Nikamwambia, "Kwani unalaza mtoto?"

Akaniuliza, "Na ya Mzee iko aje?"

Hapo ndio nilikosa maneno. Nduthi ya babangu iko nyuma ya nyumba tangu tumzike, miaka miwili sasa. Ndiyo ilitulipia karo sisi wote. Tuliifunika na turubai tukasema tunaiheshimu.

Juzi nikaita fundi. Betri imekufa, petroli imekauka kwa kabureta ikawa kama gundi, tangi lina kutu. Na hapa kwetu hakuna hata theluji ya kusingizia.

Mimi naona tunapenda sana kufunika vitu vya wazee wetu halafu tunaita hiyo kutunza. Kutunza ni kazi, inachafua mikono.

Fundi anasema itawaka. Jumamosi tunafungua kabureta, brathe akiwa kwa simu.