Kanunua Tabo Kabla ya Kupima Injini, Kibubu Kikamuumbua

Kuna mshkaji mmoja wa Tabata, jina kapuni, ana Starlet ya mwaka 1997 rangi ya fedha. Aliuziwa na mjomba wake kwa milioni 3 na nusu, tena kwa awamu. Cc 1300, mafuta inanusa tu, rejeta haijawahi kuvuja. Gari lisilo na kesi.

Shida ilianza usiku wa Jumamosi moja pale Barabara ya Mandela. Taa ikawaka kijani, Subaru ya pembeni ikachomoka na ule mlio wake, psssh, na mchumba wa mshkaji aliyekaa kiti cha mbele akacheka. Hakuwa anamcheka yeye, alikuwa anaangalia video kwenye simu. Ila nani wa kumweleza mwanaume jambo hilo saa 4 usiku?

Kesho yake akachukua daftari la shule la mdogo wake, akaandika juu kwa herufi kubwa: MRADI WA TABO. Chini mistari minne tu. Tabo ya mtumba 280,000. Manifoldi ya kuchomelea 120,000. Mipira na klampu 60,000. Ufundi 100,000. Jumla 560,000. Video za YouTube zilishamhakikishia kuwa ni kazi ya wikiendi mbili, kijana na boksi lake la spana, basi. Jumatano akashuka Gerezani, akarudi na tabo ya Subaru Forester ndani ya boksi la maji ya chupa. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka laini kama feni mpya. Akaificha uvunguni.

Hapo alikuwa hajaongea na fundi hata mmoja.

Fundi aliyemwendea ni mzee wa gereji ya chini ya mwembe, hukohuko Tabata. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba kijana, hiyo umeitoa wapi?" Mzee akaishika shafti, akaitikisa juu chini, akanusa upande wa ekzosi. "Tabo nzima, hawajakuibia. Sasa niambie, oili itaingilia wapi na itatokea wapi?"

Kimya.

Mzee akamkalisha kwenye ndoo. Tabo inaendeshwa na moshi wa ekzosi, na ikichanganya inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kinachoizuia isijisage ni oili. Inatakiwa oili ya presha iingie kwa juu, kisha ishuke yenyewe kurudi kwenye sampu, maana bomba la kurudishia halina pampu, linategemea mteremko. Ukilipindisha vibaya, oili inajaa, inapenya kwenye sili, gari linaanza kutoa moshi wa bluu na mtaa mzima unakujua. Kwa hiyo ni lazima sampu ishushwe na itobolewe. Huo ni mstari mpya kwenye daftari.

Halafu petroli. Tabo inasukuma hewa nyingi kuliko injini iliyoizoea, na hewa ya ziada inataka mafuta ya ziada. Nozeli za Starlet ya kawaida zimepimwa kwa farasi wasiofika 100. Kontroboksi yake nayo haikupangwa kuhesabu hewa ya kusukumwa. Mchanganyiko ukiwa mkavu, joto linapanda, mafuta yanajilipua kabla ya wakati, na pistoni inatoboka kama mkate wa mofa uliosahauliwa tanurini. Mistari mingine hiyo: nozeli kubwa, pampu, kontroboksi ya kuprogramu pamoja na mtu wa kuiprogramu, na geji ya kuonyesha mchanganyiko.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa hiki. Toyota wenyewe walishatengeneza Starlet ya tabo, ile Glanza V ya mwaka 1996, cc 1300 zilezile, farasi 135. Lakini hawakubandika tabo tu wakaenda kula. Mgandamizo wa injini waliushusha, 8.2 kwa 1, wakati ndugu yake asiye na tabo yuko 9.6. Pistoni ni nyingine. Ya mshkaji ni hiyo ya 9.6, kwa hiyo hata akifanya yote sawasawa, upepo anaoweza kuupuliza kwa usalama ni kidogo. Na ile tabo ya Forester ilizoea injini ya cc 2000. Kwenye cc 1300 itachelewa kuamka. Kwa foleni za Dar, ikija kuamka yeye ameshakanyaga breki.

Breki nazo zikaandikwa. Klachi pia. Jumla mpya ikasoma 3,360,000, karibu bei ya gari zima aliloliuziwa na mjomba. Mzee alipomsindikiza akamwambia jambo moja la mwisho: kabla ya yote, kapime mgandamizo wa hiyo injini yako. Hilo mshkaji hakuliandika. Halikuwa na utamu.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba wa kule wanakotaka kuhamia akataka kodi ya miezi sita, 900,000, chumba na sebule. Mchumba akavunja kibubu chao mkekani. Akahesabu. Akahesabu tena. 620,000.

Hakupiga kelele, na waliowahi kukutana na ukimya wa aina ile wanajua ni bora kelele. Mshkaji akavuta boksi uvunguni, akaweka tabo mkekani pembeni ya sarafu, akampa na daftari. Dada yule ni fundi cherehani, anasoma vipimo kwa kula. Akasoma mstari kwa mstari mpaka chini.

"Babaa, mbona injini yenyewe haipo humu?"

"Ipo vipi tena, si ipo kwenye gari?"

"Mteja akiniletea gauni kuukuu nimbadilishie zipu, kwanza navuta kitambaa nione kama kitashika uzi. Wewe umevuta nini?"

Jumamosi wakaenda wote wawili kwa mzee. Kupima ni 15,000, alilipa dada. Plagi zikatolewa, geji ikapigwa silinda moja moja. Ya kwanza 175. Ya pili 170. Ya tatu 110. Ya nne 172. Mzee akamimina oili kidogo kwenye ile ya tatu, akapima tena, ikapanda mpaka 150. Akafuta mikono. "Ringi zimechoka, mwanangu. Hii ungeipuliza, isingemaliza wiki."

Mshkaji akaangalia bonde la injini kwa muda mrefu. Gari lile lilikuwa linamwendesha kila siku likiwa limechoka, na hakuwahi kulisikia.

Sasa hivi daftari lina ukurasa mpya, juu kumeandikwa RINGI, na chini yake kuna deni la kibubu linalopungua kidogo kidogo, saini ya dada kila Ijumaa. Tabo imerudi uvunguni ikisubiri mteja wa Forester. Dada haisemi vibaya. Juzi kauliza tu kama wale wa chuma chakavu wanapima na boksi lake au bila boksi.