Mathayo 19 na Wake wa Babu

Babu yangu alikuwa na wake wawili, nasi wajukuu tuliwaita Nyanya Mkubwa na Nyanya Mdogo. Katika miaka ya sabini, nilipokuwa mtoto, kila Jumapili ya Meza ya Bwana Nyanya Mdogo aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Wenzake waliinuka mmoja mmoja kwenda kupiga magoti mbele. Yeye alijisogeza kuwapisha, akabaki peke yake na kitabu cha nyimbo. Nyimbo zile alizijua kuliko wanakwaya wengi. Hakuwa amebatizwa, wala si yeye aliyekataa.

Babu aliwahi kuomba ubatizo kwa ajili ya nyumba yake yote. Kasisi wa wakati huo akamjibu kwamba abaki na mke wa kwanza, wa pili arudi kwao. Arudi kwao wapi? Mbuzi wa mahari yake walikwisha kutumika kumwozea kaka yake mke. Shamba alilolilima lilikuwa la ukoo wa babu, na watoto vilevile. Angeondoka mikono mitupu, na watoto wangebaki. Nyanya Mkubwa, aliyekuwa amekubaliwa kubatizwa, alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema, “Baba kasisi, huyu ndiye aliyenipokelea mtoto usiku mvua ikinyesha. Mnataka nije Mezani peke yangu, yeye akalale kwa nani?” Hakuna aliyemjibu. Babu akaacha kuomba.

Amri ile haikutungwa kijijini kwetu. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, ila afundishwe tu mpaka atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Wake zake waliachiwa mlango kidogo, kwa uamuzi wa maaskofu wa mahali. Kabla ya hapo, John William Colenso, askofu wa Natal, alikuwa amepinga hadharani kuwalazimisha waongofu kuwafukuza wake zao. Aliona kwamba dhambi ya kumtupa mwanamke ni kubwa kuliko ile inayodaiwa kuondolewa. Maneno yake hayakusikilizwa. Mwaka 1863 alishtakiwa kwa uzushi kwa sababu ya jinsi alivyoifasiri Biblia, na wengi wakapata kisingizio cha kuyapuuza na haya mengine.

Babu hakujua kusoma. Baba yangu ndiye aliyemsomea habari za Elkana, mume wa Hana na Penina, aliyekuwa akipanda kila mwaka kumwabudu Bwana pamoja na nyumba yake yote. Babu alimuuliza mwinjilisti kwa nini Elkana alikubaliwa na yeye hakubaliwi. Mwinjilisti akasema hayo ni mambo ya Agano la Kale. Jibu hilo silidharau. Naamini ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja, na kitabu cha Samweli chenyewe hakifichi machozi ya Hana katika nyumba ile ya ukewenza.

Lakini fungu walilolishika zaidi dhidi ya babu lilikuwa Mathayo 19, na nimelisoma mara nyingi tangu nilipokua. Mafarisayo hawakumjia Yesu kuuliza habari za mitala. Waliuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe kwa kila sababu, naye akawarudisha kwenye uumbaji ili kuwazuia wasiwaache wake zao. Sura iliyonenwa kumkinga mwanamke asifukuzwe ndiyo iliyotumika kumfukuza. Walichukua mistari miwili mitatu, wakaliacha swali lililoizaa. Hili bado linaniuma, kwa kuwa waliotusomea hivyo walikuwa watu wa sala, waliolipenda Neno kwa dhati.

Mwaka 1988 Mkutano wa Lambeth, uliofanyika Canterbury, ulipitisha azimio la 26, na Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliolipigania. Azimio lilishikilia kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, kisha likaruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini. Aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake alionao yu hai, na jumuiya ya mahali iridhie. Asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hali ngumu ambayo ingempata mwanamke huyo.

Kwetu ridhaa hiyo iliombwa baada ya ibada, watu wakinyoosha mikono. Mzee mmoja alipinga, akihofia vijana wataoa ovyo halafu waje kubatizwa. Kasisi, kijana aliyekuwa mgeni kwetu, alimwacha amalize, kisha akafungua Mathayo 19 na kuisoma kuanzia mstari wa tatu, swali la Mafarisayo likiwamo. Mikono ilipohesabiwa, ya wazee wengi ilikuwa juu. Babu alibatizwa akiwa anashikilia mkongojo, Nyanya Mdogo nyuma yake.

Chama cha akina mama wa parokia hakikumpokea. Kilitaka cheti cha ndoa ya kanisani. Binti yake mkubwa sasa ni katibu wa chama hichohicho, na amewasilisha ombi kanuni hiyo ijadiliwe upya.